Mashine Haimujui Kalenga

Likasi, kazi ine, siku yenye bantu ba radio banaita Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, bati inapiga kelele, na minye niko na dharau mu roho mupaka inapanda ku pua.

Shajara, weye unanijua. Sikufungua ukurasa huu juu ya kulia. Mutoto wangu Fiston njo alinifungulia mu telefone, akaniambia: "Papa, unasema sana, andika basi, siye tupumue." Ninaandika na kidole moja. Yenye anataka kucheka maandiko yangu afunge, aende kusoma bengine. Minye nilifika kilasi ya tatu tu, lakini herufi yangu ilitembea na treni mupaka kwenye bahari. Ya kwao haijafika hata ku soko.

Ile ya treni nitaeleza nyuma. Kwanza nimalize hasira.

Leo nimecheza na mashine. Nimeishinda. Na kwa kuishinda, nimepoteza.

Mashine yenyewe ni muchezo wa mu internet. Mu kioo ya telefone kunatokea kichwa ya muzee moja ya kuchora, haina shingo, iko na kofia na ndevu, macho inazunguka sawa ya mwizi wa kuku. Inakuambia: fikiria muntu moja mu roho yako, musanii, ao mupiga muziki, ao mwenye sayansi. Usitaje jina. Kiisha inaanza maulizo. Ni mwanaume? Alizaliwa Afrika? Anaimba? Weye unagusa tu: ndiyo, hapana, ao sijui. Ku mwisho inakutajia jina ya ule muntu, na inacheka sawa vile imefanya kazi.

Solange, muke wa Fiston, iko na ugonjwa ya muchezo ile. Alizaa mutoto mwanaume, leo ni siku ya nane. Fiston mwenyewe iko Kolwezi ku kazi ya kuchimba, hatarudi mbele ya mwisho wa mwezi. Basi Solange anakaa mu salo, chumba ya bageni, mutoto ananyonya, telefone ku mukono, anacheka peke yake. Mashine ilimutajia muimbaji wake wa kanisa kwa maulizo kumi na moja. Ikamutajia muzungu wa taa. Ikamutajia na ule muzungu mwingine wa nywele ya fujo, yenye kila mutoto wa masomo anamujua. Kila mara anapiga kelele sawa vile imefufua muntu.

"Papa, hii mashine inajua bantu bote ba dunia!"

Minye nikakohoa. Bantu bote ba dunia! Muntu yenye hajapita Kambove anakuja kunifundisha dunia.

Sasa sikia namna gani jambo ya kitoto ile ilifika ku minye, muzee muzima.

Mu inchi yetu muntu iko na majina tatu mu karatasi: nom, njo ya ukoo, postnom, njo ya katikati, na prenom, njo ya kikristo. Nom ya mutoto ni ya kwetu, hapo hakuna makambo wala vita. Prenom Solange alisha kuchagua: Gradi. Sawa, Gradi, hata kama inafanana na jina ya sabuni. Vita iko katikati, ku postnom.

Minye ninataka Kalenga. Kalenga ni mukubwa wangu, tulitoka mu tumbo moja. Na kwetu mutoto akibeba jina ya muntu, ule muntu amerudi mu nyumba. Baba yangu alibeba jina ya nkambo wake, baba ya baba yake. Tangu alikuwa mudogo wa kutambaa, bazee balikuwa banamuita "nkambo" na kumuachia kiti. Akilia, banamuomba masamaha. Hakuna muntu alikufa juu ya ile.

Solange anakataa. Anasali mu kanisa moja ya ngoma na machozi, na pasta wake alibafundisha kama jina ya mufu ni kamba, inavuta mutoto ku kaburi. Yeye anataka Shukrani. Pasta yenyewe ni kijana, suruali inamubana mupaka unamuhurumia, alikuwa anauza vocha mbele ya Mungu kumuita. Leo njo anajua kamba ya kaburi. Nilimuuliza Solange: Abrahamu ni jina ya muntu yenye anaishi? Petro iko wapi, anauza mukate ku soko? Akanijibu kama ile ni tofauti. Kila kitu yenye banashindwa kueleza ni tofauti.

Nikamupigia Fiston kule Kolwezi. Mutoto wangu wa kwanza, mwenye mabega sawa mulango. Akasema: "Papa, musikilizane na mama ya mutoto." Nikakata telefone. Anaogopa shimo? Hapana. Anaogopa muke.

Tuligombana siku saba. Na kesho njo siku yangu ya kwenda ku komine, biro ya serikali, kuandikisha mutoto, juu ya vile Fiston hayuko na Solange bado hatembei muzuri. Ningeweza kwenda kimya na kusema "Kalenga" pale ku dirisha. Karatasi ikipigwa muhuri, nani ataifungua tena? Lakini minye si mwizi. Minye ninapigana mbele ya macho.

Njo vile asubuhi hii, mvua inapiga, nikamutupia Solange neno.

"Mama, mashine yako inajua bantu bote?"

"Bote, Papa."

"Basi nitafikiria Kalenga. Ikimutaja, mutoto ni Kalenga, na pasta wako anyamaze. Ikishindwa kumutaja, andika Shukrani yako. Sitafungua tena kinywa."

Hakungoja hata mate yangu ikauke.

"Ni weye njo umesema, Papa. Si minye. Nashika ile neno."

Nilimuhurumia kabisa. Nilimuona sawa muntu yenye anacheza karata na mwenye alisha kuzipanga.

Juu, nani hamujui Kalenga?

Alitumika ku Koni, kule maji ya Lufira inazungusha mashine ya umeme. Kazi yake ilikuwa kufagia na kupaka grisi, lakini macho yake ilikuwa inasoma kila kitu. Aliokota telefone ya zamani yenye ilitupwa, akatoa sumaku ya ndani. Akachukua waya nyembamba ya shaba, ya mota yenye iliungua, akaizungusha ku ile sumaku na mukono, maelfu ya mara, anahesabu mu kinywa. Muntu akimusemesha, anaanza upya. Mama yetu alikuwa anamupelekea bukari, ugali yetu, na kuiweka chini bila neno. Kiisha akaweka ile kitu chini ya nyuzi ya gitaa ya mbao yenye alichonga mwenyewe, akaifunga ku radio. Gitaa ililia mupaka mbwa ya kambi yote ikakimbia.

Hakuna muzungu alimufundisha. Hakuna kitabu. Na gitaa yenyewe aliipaka rangi: mamba upande moja, jua upande ingine. Basi hesabu: mupiga muziki, mwenye sayansi, musanii. Bote batatu mu ngozi moja. Mashine inataka nini tena?

Siku ya Mungu alikuwa anafunga batri ya gari ku kinga yake, njo baiskeli, anaenda mu vijiji ya pembeni ya ziwa Tshangalele. Arusi bila Kalenga ilikuwa sawa mazishi. Alikuwa anarudi na samaki ya kukausha mingi mupaka kinga inakataa mulima.

Muntu wa vile, mashine itamukosa?

Nilishika telefone minye mwenyewe. Solange pembeni, mutoto analala ku kitanda.

Ni mwanaume? Ndiyo. Alizaliwa Afrika? Ndiyo. Anapiga muziki? Ndiyo. Alifanya sayansi? Ndiyo. Alichora? Ndiyo. Hapo nikaona ndevu ya ile kichwa inaanza kutikisika. Alipata zawadi kubwa ya dunia? Nikagusa ndiyo, juu samaki ya Tshangalele ni zawadi kubwa, na yenye anabisha hajaonja. Anaimba mu kanisa? Nikagusa sijui, juu yeye alikuwa anapiga inje, na bantu ba ndani banatoka.

Anaishi mupaka leo?

Ndiyo.

Iko chini ya miaka makumi tatu? Nikafikiri kidogo. Ndiyo.

Mashine ikazungusha macho na kunitolea muntu wake wa kwanza: kijana moja wa kuimba kwa kusema mbio-mbio, kule Ulaya, meno ya dhahabu, suruali iko chini ya matako. Hapana! Ikauliza tena, ikanitolea wa pili: muzungu muzee wa ndevu, wa zamani sana, alichora bibi na mashine ya kuruka. Minye nimesema muntu wangu anaishi, yeye ananiletea mifupa. Hapana! Wa tatu ilikuwa mutoto mwanamuke wa kupiga violoni. Mwanamuke! Ulizo ya kwanza kabisa nilijibu ni mwanaume. Hata mulevi anakumbuka ulizo ya kwanza.

Nilitukana ile kichwa kwa Kiluba na kwa Kibemba. Ikabaki inanichekea.

Mashine yenye haimujui Kalenga inajua nini? Inajua bantu benye balisha kujulikana. Ile si akili. Hata kasuku inajua jina ya bwana wake. Muntu wa akili anamujua muntu kwa kazi ya mukono yake. Ningemuuliza muvuvi yeyote wa Tshangalele, muzee wa umri wangu, neno mbili tu: gitaa ya mamba. Angenijibu mbele nifunge kinywa.

Nikasema mashine imeharibika. Solange alikuwa anajiuma midomo asicheke, lakini hapo akaacha.

"Papa, mashine haijaharibika. Umeidanganya."

"Minye, muongo? Mu nyumba yangu?"

"Iliuliza kama anaishi, ukasema ndiyo. Ikauliza kama iko chini ya miaka makumi tatu, ukasema ndiyo. Kalenga gani ile?"

Nikamuonyesha kitanda na kidole.

"Ule pale. Iko na siku nane. Nane ni chini ya makumi tatu, ao ku masomo yenu ni juu?"

Aliangalia mutoto. Akaniangalia minye. Sasa hakuna kicheko mu uso yake.

"Ule hana jina bado, Papa. Tunacheza juu ya kumupa jina, na weye ulisha kumupa mbele ya kushinda. Ile ni kula bukari mbele ya maji kuchemka."

Bantu benye balinifunga kinywa mu maisha yangu ninabahesabu ku mukono moja, na vidole inabaki. Leo aliongezeka moja, na iko na kanga ya kubeba mutoto.

Juu alisema kweli. Sikufanya kwa ujanja, shajara, uniamini ao uache. Mashine iliuliza kama Kalenga anaishi, na roho yangu ilimuona pale ku kitanda, amefunga ngumi, analala. Nilijibu vile ninaona. Mashine haijui kuona, inajua tu kuuliza.

Mwingine angefunga telefone na kuchukua ushindi wake. Solange alifuta kioo na kanga, akanirudishia.

"Anza tena, Papa. Lakini sasa sema kweli."

Hapo nilimuheshimu. Kidogo. Tusizidishe.

Nikaanza tena. Mwanaume, Afrika, muziki, sayansi, rangi. Ile ya zawadi ya dunia nikajibu hapana, ingawa iliniuma. Kiisha ikakuja.

Muntu yako alisha kufa?

Kidole yangu ikasimama juu ya kioo.

Sasa nieleze ile ya treni.

Minye nilitumika ku kiwanda, kazi yangu kupaka herufi na namba ku mabehewa ya treni, yenye tunaita wago. Bengine balikuwa banatumia bati yenye kutobolewa herufi, banaweka ku wago, banapitisha burashi. Minye nilitumia bati mwaka moja. Kiisha mukubwa wa kazi akaninyanganya bati, juu mukono yangu ulikuwa umenyoka kupita bati. Si minye nasema, ni yeye alisema, mbele ya bantu. K yangu ilikuwa inasimama sawa askari. Wago yangu ilipita mupaka inchi ya bengine, na mvua ya kule haikuweza kuifuta.

Siku moja, kazi tano, Kalenga akanifuata ku kiwanda. Alitoka Koni na gitaa ku mugongo. Akaniambia:

"Muloko, niandikie jina yangu ku gitaa. Herufi sawa ya ku wago. Bantu ba mbali basome."

Muloko, njo mudogo wake. Hakuniita jina, aliniita vile mama alimufundisha. Lakini bakubwa ba kazi balikuwa pembeni yangu, banaangalia mukono yangu, na minye nilijiona sawa gavana. Nikamujibu kwa sauti:

"Herufi yangu ni ya wago. Si ya vitu ya kuchezea batoto."

Bakacheka. Kalenga aligeuza gitaa, mamba ikaniangalia, akaenda.

Hatukusemeshana tena. Na minye, shajara, minye yenye nilimutukana, nilingoja yeye njo aje. Kichwa yangu njo vile ilivyo. Nilingoja miaka mbili. Kiisha ikakuja habari kama homa ilimuchukua kule Mwadingusha, na kesho yake banamuzika.

Ile siku ya kuzika, minye nilienda ku kazi.

Siku ile nilipaka wago kumi na ine na hata herufi moja haikuchuruzika. Balinisifu. Nilirudi nyumbani na sifa mu mufuko sawa mawe.

Sikumuzika, basi sikumuona akiingia mu udongo. Tangu pale, muntu akiniuliza habari ya mukubwa wangu, ninajibu: "Iko." Bamoja banafikiri nimezeeka. Bengine banafikiri ni Kiswahili yangu. Banyamaze. Ninajua nini ninasema.

Na leo kichwa moja ya bure, yenye haijalipa hata nauli ya kufika Likasi, inaniuliza usoni sawa polisi wa barabara. Ndiyo, hapana, ao sijui. Nilitafuta kama kuna ya ine. Hakuna.

Niliangalia kitanda mara ingine.

Nikagusa. Ndiyo. Alisha kufa.

Hakuna kitu ilitokea. Bati haikuanguka. Na mashine, wala haikuvua kofia, ikaniuliza ulizo ya kufuata: muntu yako anavaa miwani?

Miwani! Muntu anatapika neno yenye ilimukaa mu koo kupita umri ya batoto wake, na takataka ile inataka kujua miwani. Hapo njo nilijua kama ule muzee wa kuchora hakuzaliwa na mwanamuke.

Ikauliza, ikauliza. Ikataja mupiga gitaa moja wa inchi ya mbali, ikamutaja na mwingine mwenye balisha kumuandika ku mabango. Hapana. Hapana. Ku mwisho ile kichwa ikashika ndevu yake na karatasi ya rangi-rangi ikaanza kuanguka mu kioo sawa siku ya arusi. Solange akanisomea: "Bravo! Umenishinda. Weye njo mushindi."

Mushindi! Ilikuwa inanipigia makofi juu ya kuninyanganya mukubwa wangu. Nimeona dharau nyingi mu dunia, nyingine niliifanya minye mwenyewe, lakini ile ya leo iko na diploma.

Chini kukatokea kisanduku. Muntu yako alikuwa nani? Andika jina, nitakumbuka.

Solange akanyosha mukono juu ya kuniandikia. Nikavuta telefone.

K. A. L. E. N. G. A.

Herufi saba. Nilichukua wakati zaidi ya wago nzima.

"Ni mara ya kwanza unaandika jina yake, Papa?"

"Nani alikuambia?"

"Mukono yako."

Nikaangalia ule mukono. Mukono ya kunyanganyiwa bati juu ya kunyoka. Ulikuwa unatetemeka sawa wa mulevi wa asubuhi. Basi nikamueleza, yote, ya gitaa na ya bakubwa ba kazi na ya wago kumi na ine. Sijui juu ya nini. Labda mvua. Hakusema "pole, Papa", na ninamushukuru, ningemufukuza.

Kiisha nikatoka ku baraza, nikaangalia maji inapita mu parsele, kiwanja ya nyumba, na udongo yetu nyekundu. Nilishindwa. Shukrani, basi. Nitaenda komine, nitasema Shukrani, na nitaisema na meno nzima. Neno ya muntu ni neno.

Saa ya bukari Solange akaniita. Aliniandalia karatasi ya kesho, juu ya dirisha ya komine, nisipotee. Mistari tatu, herufi kubwa-kubwa, zile ninajua kusoma haraka. Nom: ya kwetu. Prenom: Gradi.

Katikati, hakuna kitu.

"Umesahau moja, mama. Andika Shukrani."

"Sijasahau."

"Nilishindwa. Minye sikuli neno yangu, na sitaki huruma. Huruma peleka kwa pasta."

"Nani alishindwa?" Alikuwa anakata samaki, hakuinua hata macho. "Mashine iliandika: weye njo mushindi. Minye najua kusoma, Papa."

"Tulipatana kama ikishindwa kumutaja..."

"Mungu wangu! Unabisha hata na ushindi?"

Shajara, nilimusukumia karatasi.

"Na pasta wako?"

"Pasta hatakuwa ku dirisha ya komine. Na ile tumbo ilikuwa yangu." Kiisha akaniwekea kalamu pembeni ya sahani. "Mashine uliiambia kweli mbele yangu, nikaona ilikugarimu. Mutoto wangu atabeba jina ya muntu yenye banamulilia, ile ninaweza. Ya muntu yenye banamuficha, ile njo ninaogopa. Lakini uandike muzuri, Papa. Usiandike sawa ku vitu ya kuchezea batoto."

Aliichukua neno yangu mwenyewe na kunipiga nayo, na samaki ku mukono. Niliangalia mulango. Hakuna muntu alisikia. Muzuri.

Nilipangusa meza. Nilinawa mikono mara mbili. Kwanza nikapima nafasi na macho, sawa ku wago, juu mujinga anaanza na herufi ya kwanza na ku ya mwisho nafasi inamuishia. Kiisha nikaandika. K inasimama. L haikulala. G ilinisumbua, kalamu ni nyembamba, minye nilizoea burashi. Lakini bakubwa ba kazi bangekuwa hapa leo, bangefunga kinywa. Mukono haikutetemeka. Ilitetemeka mbele, na nyuma. Katikati, hapana.

Karatasi iko ku ukuta, inakauka, ingawa Solange anasema wino ya kalamu haihitaji kukauka. Yeye anajua nini ya wino?

Kesho asubuhi nitavaa koti yangu, nitaenda komine, na yule kijana wa ku dirisha akikosea herufi moja, nitamunyanganya kalamu.

Nikirudi, nitaomba ile telefone tena. Nitafikiria muntu moja. Itaniuliza mwanaume, Afrika, yote ile ya kujua mbele. Kiisha itaniuliza kama anaishi mupaka leo. Nitageuka ku kitanda, niangalie muzuri kama anapumua, na nitagusa ndiyo. Na Solange atakuwa pale pembeni, na hatanisahihisha.

Itashindwa kumutaja, mujinga ile. Ishindwe.